Karatasi Moja, Simu Moja

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimempeleka Safiya kwenye mizani. Kilo saba na nusu. Muuguzi amesema ni vizuri, lakini nianze kuandika: amekula nini, amelala vipi, amekohoa mara ngapi. Nikamwambia niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, naandika na makosa. Akacheka: "Mama Safiya, mutoto hataangalia makosa." Basi nimenunua kaye hii, daftari la kuandikia.

Amekula uji wa soya mara mbili. Alilala vizuri mpaka mvua ilipoanza kuingia. Paa limetoboka juu ya kitanda, tunajibana upande wa mlango kama samaki waliofungwa ndani ya majani ya liboke.

Nyumba ni ya mama mkwe wangu, Mama Kadidja, hapa mtaani Kabondo. Anauza mawese sokoni. Hamadi, mume wangu, anashuka na mtumbwi mpaka Yanonge kuchukua ndizi za makemba, anarudi Jumamosi. Mimi nakaanga mikate ya mafuta asubuhi na kuiuza kwenye mlango wa parcelle, kiwanja chetu. Pesa ya mabati mapya Mama ameiweka kidogo kidogo kwenye ile nyumba ya transfert, ya kutuma na kuweka pesa, ambayo watu wote wanaiita Maison tu. Amesema mvua kubwa ya Oktoba itatukuta tumeshaezeka.

Alhamisi, 12 Septemba

Jino! Moja, chini. Amenimumunya kidole mpaka kimeuma. Mvua.

Jumapili, 15 Septemba

Mikate iliisha mapema. Mama amemuogesha Safiya, anamwita "madame wa Kabondo". Mvua jioni.

Jumatano, 18 Septemba

Leo nitaandika mengi, na si juu ya uji.

Tulikwenda Maison kutoa pesa ya mabati. Pale guichet, dirisha la kutolea pesa, kuna dada mmoja, Colette, ndiye aliyetupokea mwaka jana Mama alipofungua compte ya kuwekea pesa. Akabonyeza, akaangalia, akabonyeza tena.

"Mama, compte hii iko mutupu."

"Colette, usinichezee. Fundi ananingojea ku nyumba."

"Pesa ilitoka tarehe tatu, Mama. Ku guichet ya Isiro."

"Isiro? Mi sijafika Isiro hata mu ndoto!"

Chef, mkubwa wao, akatoka nyuma. Monsieur Moïse, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Upole ule ndio uliniuma zaidi. "Mama Kadidja, machine yetu haidanganyi. Mwenye kutoa alikuwa na namba ya compte na code ya siri. Aliingiza sawa mara ya kwanza. Nani mwingine anajua code yako?"

Mama hajui kusoma. Ile fomu ya kufungua compte mwaka jana niliijaza mimi, kwa mkono wangu, na code niliiandika mimi. Mama akasema polepole, bila kuniangalia: "Bibi ya mutoto yangu." Yaani mimi, mke wa mwanawe.

"Bon. Basi mambo iko mu nyumba yenu. Hapa Maison hakuna shida."

Watu waliokuwa nyuma yetu walisikia wote. Safiya mgongoni alikuwa anacheka na mtu, sijui nani.

Njiani mvua ilitukuta. Mama alitangulia, sikuweza kumfikia.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama amepika pondu, majani ya muhogo, na sahani yangu ameiweka peke yake kwenye benchi. Safiya amekula nusu ndizi.

Jumamosi, 21 Septemba

Hamadi amerudi. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshasikia, kwa sababu Mama aliyasema kwenye likelemba, kile chama cha wamama wanaochangiana kwa zamu. Yaani nusu ya Kabondo inajua.

Hakupiga kelele. Alikaa, akavua viatu, akasema: "Tania, labda ulisahau, ulimuambia mutu? Dada yako? Mutu wa Yanonge?"

"Sikuambia mutu, Hamadi."

"Sisemi uliiba."

"Lakini unauliza."

Akainama kufuta viatu vyake. Afadhali angepiga kelele. Kelele inaisha. Ile "labda" yake bado imekaa chumbani, iko hapa ninapoandika.

Jumatano, 25 Septemba

Safiya anakohoa. Mama alimchukua mikononi mwangu bila kunitazama, akapasha moto mawese kidogo, akamsugua kifua. Akamwambia: "Weye hauna kosa." Nilikuwa nimesimama pale pale.

Lakini alimsugua vizuri. Mikono yake ni mizuri kwa mtoto. Naliandika na hilo, lisije likasahaulika kwa sababu ya hasira yangu.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Ndoo nne ndani ya nyumba. Kikohozi kimepungua.

Jumatano, 2 Oktoba

Sokoni nimekutana na mama mmoja wa commune ya Tshopo, anauza samaki wa kuchoma. Naye pesa yake ilitoka Maison bila yeye. Naye aliambiwa: mtu wa nyumbani. Amemfukuza mdogo wake wa kike.

Nikamuuliza: "Na kama si yeye?"

"Basi ni nani? Code haina miguu, mama."

Nimerudi nikiwaza. Nyumba mbili ambazo hazijuani, na neno moja lililotoka mdomo mmoja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi alipita Issa, yule anayebeba watu kwa baiskeli ya toleka. Kila siku ananunua mikate minne na kuila ameegemea baiskeli yake. Leo akaigeuza karatasi niliyomfungia mikate, akaanza kucheka.

"Mama Safiya, leo unauza mikate na siri ya batu?"

"Siri gani? Kula, ulipe."

"Angalia basi. Jina, namba ya compte, téléphone, carte d'électeur ya kupiga kura, na code juu yake. Mi ningekuwa mwizi, ningekuwa tajiri mbele ya kumaliza mukate."

Nikaichukua. Imejaa mafuta. Juu kuna alama ya kijani ya Maison. Chini, kisanduku cha saba: "Code ya siri (kwa muteja anayesahau)". Na ndani yake namba nne zimeandikwa.

Kisanduku hiki nakijua. Mwaka jana nilikiruka, Colette akanirudishia fomu: "Jaza na hii, ba mama banasahau code, ni kwa kuwasaidia." Nikajaza.

Karatasi za kufungia nanunua sokoni kwa mzee tunayemwita tonton Assumani, kwa kilo. Zimeandikwa upande mmoja, upande wa pili ni mweupe. Mkate unakaa kwenye weupe, maandishi yanabaki nje. Tangu Agosti nafunga hivyo na sijawahi kusoma. Nani anasoma karatasi ya mkate?

Nimewaambia wateja leo basi, siuzi tena. Nimeingiza rundo lote ndani, nimekaa chini na Safiya miguuni, nimesoma moja moja. Ni fomu sitini na moja. Wamama wa Tshopo, wababa wa Mangobo, mmoja wa Yanonge. Yule mama wa samaki yumo, pengine mtu aliisoma yake sokoni kabla haijafika kwangu. Ya Mama haimo.

Sasa naandika lile ambalo sitaki kuliandika. Ya Mama pengine ilikuwa kwenye rundo la Agosti. Pengine ilitoka kwenye mkono wangu mwenyewe, na mikate mitatu ndani yake.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa tonton Assumani.

"Tonton, zile karatasi za Maison ulizitoa wapi?"

"Ku Maison! Walihama bureau yao ya zamani mwezi wa saba. Chef mwenyewe alisimama ku mulango: toeni hii uchafu, toeni hii uchafu. Carton kumi na moja. Nilinunua zote."

"Hukusoma?"

"Mama Safiya, mi nauza kwa kilo. Sisomi kwa kilo."

"Na zingine ziko wapi?"

Akahesabu kwa vidole: "Karanga. Mikate. Samaki. Sabuni ya vipande. Ville nzima, muji wote, imezitumia, mama."

Jumatano, 9 Oktoba

Nimewaza kuzichoma. Makaa yalikuwa tayari, karatasi yenye mafuta haichelewi kuwaka. Nikizipeleka Maison watasema: si mnaona, zilikuwa kwake. Nikizichoma nitabaki yule mkamwana aliyejua code, mpaka Safiya aolewe. Na watu sitini na moja wataendelea kulala na code ile ile.

Nimezipeleka kwa Mama. Nimemweleza kisanduku cha saba, carton kumi na moja, kila kitu, hata ya mikono yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Karatasi ni karatasi. Weye njo unasoma, weye njo unasema."

Yaani mwenye kusoma ni mimi, na mwenye kusema ni mimi yule yule. Ni kweli. Lakini aliinua moja kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mawese kama yamechanganywa na maji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama aliondoka asubuhi bila kuaga. Nimehesabu karatasi: sitini.

Amerudi saa sita. Baadaye amenisimulia. Aliificha ile moja chini ya pagne, kitambaa chake cha kiunoni, akaenda Maison, akasubiri zamu yake kama wote. Akamwambia Colette: "Binti yangu, nisomee hii, macho yangu imechoka."

Colette akasoma jina. Akasoma namba ya simu. Alipofika chini akasimama. "Mama, ulitoa hii wapi?"

"Nimekuomba kusoma, si kuuliza."

Akasoma kwa sauti ndogo, na kisanduku cha saba pia, kisha akafunga guichet akaingia nyuma. Mama anasema alisikia analia.

Yote hayo alinieleza baadaye. Alipofika alisimama tu mlangoni, mimi namnyonyesha Safiya, akasema: "Mama Safiya, chakula yako iko ku meza. Karibu na yangu."

Pondu ilikuwa na chumvi nyingi. Nimekula yote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Monsieur Moïse amekuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa na maji. Alikuwa na bahasha, na karatasi ya kusaini.

"Mama Kadidja, tumeona kosa ndogo ya machine. Tunakurudishia pesa yako yote. Unasaini hapa. Na zile fomu ni mali ya Maison, mutatupatia."

Mama aliitazama bahasha. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo, tap, tap, wote tunasikia. Nikajua atasaini. Nikajiambia, akisaini sitamlaumu, ni paa lake.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. "Na bale sitini na moja? Hakuna aliyewaambia."

"Madame, hiyo ni kazi yetu, tutaangalia. Na tena tuseme ukweli, muteja mwenyewe alikubali kuandika code yake."

"Fomu yenu njo iliuliza. Kisanduku ya saba ni nyinyi mulichora. Mi nilikiruka, mukanirudishia."

Akaangalia saa yake. Hapo Mama akasema.

"Monsieur Moïse. Ulisemea wapi kama mwizi iko mu nyumba yangu?"

"Mama, mi sikusema vile..."

"Ulisemea ku guichet, mbele ya batu. Uiondoe ku guichet, mbele ya batu. Kwetu jina ya mutu inasafishwa pale ilichafuliwa. Bahasha haina mudomo." Akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagusa goti la chef. "Na mambo ya karatasi, uliza huyu. Mi sijui kusoma."

Akanionyesha kwa kidevu.

Wote wawili wakaniangalia. Sikuwa nimepanga kitu. Nikasema lililokuja: "Karatasi moja, simu moja. Colette anaita mwenye karatasi mbele yangu. Anamuambia ukweli, na abadilishe code. Akimaliza, ile karatasi ninamupatia. Kabla ya simu, hapana."

Chef aliondoka na bahasha yake. Amesahau kalamu. Mama akasema tusiiguse, isije ikasemwa tumeiba.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hamadi amezisoma fomu zote, amekaa mlangoni. Kisha amekuja nilipokuwa naosha sahani.

"Nilikuuliza vibaya."

"Uliuliza."

"Njo vile."

Amembeba Safiya mchana kutwa, hata alipolowesha shati lake. Haijaisha ndani yangu. Lakini imeanza kuisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Maison imetuita. Colette amenong'oneza kwamba alimwambia chef: usipokubali, nitawaita wote kwa crédit ya simu yangu mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa anawaambia wamama wajaze. Amesema hajalala vizuri tangu Alhamisi.

Watu kumi na wawili hivi walikuwa wanasubiri. Monsieur Moïse akasimama mbele yao, akaanza haraka haraka kwa Kifaransa. Mama akakohoa.

"Swahili, Monsieur."

Mtu akacheka. Chef akafuta uso, akaanza tena. Akasema fomu zilitoka Maison. Akasema yeye ndiye aliyeruhusu zitolewe kama takataka. Akasema alimtaja mtu wa nyumba ya Mama Kadidja bila ushahidi, na huyo mtu hana kosa.

"Iko na jina," Mama akasema.

"Mama Safiya hana kosa."

Nilidhani nitafurahi. Nilitaka tu kukaa chini. Mzee mmoja akaniachia kiti.

Kisha simu zikaanza. Leo ishirini na tatu. Mvua ilipiga paa la Maison mpaka Colette akawa anapayuka: "BADILISHA CODE, PAPA! NASEMA CODE!" Watu wa mtaa mzima wakaja kuuliza kuna nini, na wao wakaingia kwenye mstari.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumemaliza sitini na moja. Wengine walitutukana, nikaona ni haki yao. Namba tano hazipatikani, hizo Colette amezifungia compte mpaka wenyewe watokee. Ile ya Yanonge alipokea mwanamke: mwenye namba alikufa mwezi wa sita. Colette akatafuta ndani ya machine, akamwambia pesa ya marehemu bado ipo, aje na watoto. Yule mwanamke akatubariki kwa muda mrefu kweli, sisi tuliofunga mikate kwa siri ya mume wake.

Simu ngumu ilikuwa ya mama wa samaki. Alisikiliza yote. Akauliza: "Sasa mudogo wangu nitamuambia nini?"

Colette alikuwa na maneno ameandikiwa na chef kwenye karatasi. Hilo halikuwamo. Akanitazama. Nikachukua simu: "Mama, mwambie tu arudi. Mengine atauliza yeye."

Jumapili, 20 Oktoba

Mama amekwenda likelemba kuyaondoa maneno yake. Nilitaka kumsindikiza, akakataa: "Haya ni ya kwangu, niachie." Amerudi amechoka, akaomba maji. Sikumuuliza. Safiya amekaa peke yake bila kushikwa!

Jumatatu, 28 Oktoba

Zimebaki zile carton nyingine, zilizokwisha kuliwa na ville. Nimemwambia chef, kama karatasi hazipo, majina yapo ndani ya machine: waitwe wote waliojaza kisanduku cha saba. Amesema inahitaji ruhusa ya Kinshasa. Nimesema nitapita kila Jumatatu.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepita. Bado. Mvua.

Jumamosi, 9 Novemba

Redio imesema, kwa Kiswahili na Lingala: kila aliyefungua compte Maison kabla ya Agosti aende kubadilisha code, Maison itarudisha pesa iliyoibiwa, na mtu yeyote wa Maison akikuuliza code, usimpe. Hawakusema juu ya mikate.

Wateja wangu nimewaambia mwenyewe. Issa amesema alishajua, ataendelea kula. Mama mmoja ameacha kununua kwangu. Namwelewa. Sasa nafunga kwa majani.

Alhamisi, 14 Novemba

Pesa imerudi. Fundi anakuja Jumanne. Safiya amekula yai zima.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua kubwa kuliko zote. Tumekaa ndani, tumesikiliza tu. Hakuna ndoo.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo ilikuwa zamu ya Mama kuweka code mpya. Maison imejaa, mstari umefika barabarani.

Colette akasukuma kile kidude cha namba chini ya kioo. Kwa mazoea nikasogea, nikanyoosha kidole. Mama akakigonga kidole changu, pa, kama cha mtoto anayeiba nyama.

"Mi nauza mawese miaka makumi tatu. Unafikiri namba sizijui?"

Nilishangaa, na Colette naye alishangaa. Mwaka jana sisi wawili tulimwomba aseme code kwa mdomo, kwa sababu hajui kusoma. Hakuna aliyemuuliza kama anajua namba. Anazijua kuliko sisi wote.

"Samahani, Mama," Colette akasema.

"Si kitu. Mama Safiya, geuka."

Nikageuka. Mzee aliyekuwa nyuma yetu akaona, akageuka naye. Na aliyekuwa nyuma yake. Mmoja mmoja mpaka mlangoni, mstari mzima ukatazama barabara, mvua nyepesi, baiskeli zinapita. Safiya mgongoni kwangu peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama bibi yake, na yeye hawezi kumwambia mtu.

Mama hakuwa na haraka. Tulimsubiri.